Pamiti haisainiwi mezani

Jumatatu wiki iliyopita nimefika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado kagiza kagiza, foleni ya vibarua imeshajipanga kando ya ukuta kama kawaida ya Industrial Area ya Nairobi, wengine wametoka Mukuru kwa miguu wengine wameshuka matatu pale Lunga Lunga Road, na kabla sijafungua hata ofisi nikamkuta supavaisa wa kontrakta ananingoja mlangoni na kitabu cha pamiti mkononi, zile karatasi za ruhusa ya kufanya kazi za hatari. Walikuwa wanaanza kubadilisha vyuma na mabati ya paa la godauni yetu, kazi ya siku tano. Akanipa kitabu nikafungua. Pamiti tano. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, zote zimejazwa tayari, mwandiko mmoja, peni moja, kila kisanduku kimetiwa tiki, hadi pale pa kuonyesha gesi imepimwa pametiwa tiki ya Ijumaa na sisi tuko Jumatatu asubuhi. Kilichobaki ni sahihi yangu tu.

"Madam, kazi ni ile ile," akaniambia, "nimekurahisishia."

Sikumgombeza. Alisema kwa moyo safi kabisa, na site nyingi alizopitia nina hakika hivo ndo inafanywa na hakuna mtu amewahi kumwuliza. Lakini nilishindwa kuacha kufikiria hicho kitabu siku nzima, ndo maana naandika hapa, manake nimefanya hii kazi ya usalama viwandani miaka 11 na nikiulizwa leo ni kitu gani kimoja ningetaka kila mtu anayesaini pamiti akijue, ni hiki: hiyo karatasi haiwezi kusainiwa mezani. Inasainiwa pale kazi iko, mkiwa mmesimama wawili, wewe unayeitoa na yule anayeipokea, mnaangalia kitu kimoja.

Kwanza niweke neno sawa. Ukimwambia mtu wa Nairobi "kibali cha kazi" anafikiria mgeni amepanga laini Nyayo House anatafuta karatasi za uhamiaji. Kwa site hakuna anayesema hivo, tunasema pamiti, na tunamaanisha ile karatasi inayotolewa kabla ya kazi yenye inaweza kuua mtu: kuchomelea na kukata vyuma, kuingia ndani ya tangi au shimo, kupanda juu, kuchimba, kufungua mashine au waya wa stima, kufungua bomba lenye presha. Inasema ni kazi gani, wapi, nani anafanya, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi, hatari ni zipi, na zimezimwaje. Kawaida inaishi shifti moja, shifti ikiisha nayo imeisha. Na si mapenzi ya meneja, iko kwa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 96, kinamtaka mwajiri atoe pamiti kwa mfanyakazi anayeenda kwa kazi au mazingira ya hatari, na kinataja kazi kama kutengeneza boila, kuingia sehemu zilizofungika na kutengeneza mashine.

Hayo yote nilikuwa nayajua nikianza. Cheti ninacho, sheria nimeisoma, mtihani nimepita. Na bado nilikuwa nasaini mezani.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa stima kwa kiwanda cha sabuni nilichoanzia, mzee aliyekuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Kulikuwa na tangi la kuchanganyia, kubwa, ndani lina pala za chuma zinazozungushwa na mota iliyokaa juu, na lilikuwa limepata ufa chini karibu na valvu ya kutolea. Welda na kijana wake wa kumsaidia walitakiwa waingie ndani wakwangue sabuni iliyoganda alafu wazibe ule ufa. Pamiti ikaletwa ofisini kwangu, imejazwa vizuri, imeandikwa mota imezimwa kwa brekea namba 14, kufuli imewekwa, tagi imewekwa. Nikachukua peni. Mzee alikuwa amekuja kusaini upande wake wa stima, akaniangalia, akaniuliza, "Madam, hiyo 14 umeiona?"

Nikamwambia si imeandikwa hapa.

"Sijakuuliza kama imeandikwa."

Tukaenda. Chumba cha paneli kilikuwa mbali kidogo, unapita nyuma ya boila. 14 kweli ilikuwa imezimwa, kufuli iko, tagi iko na jina na tarehe. Mimi kwangu hapo kazi imeisha, nikatoa kitabu nisainie pale pale, na yeye akasema bado, tukarudi mpaka kwa tangi. Wale vijana wawili walikuwa wamekaa kwa ndoo karibu na tundu la kuingilia wanavaa glavu, mmoja ameshavaa hanesi. Mzee akawaambia wasimame mbali kidogo, alafu akanionyesha kitufe cha kijani cha kuwashia mota akaniambia, "Bonyeza."

Nikabonyeza, na tangi likanguruma.

Shafti ikaanza kuzunguka, polepole kwanza alafu kwa mwendo wake wa kawaida, na ile pala ya chini ilikuwa na ganda la sabuni kavu limeshika kwa ncha, nyeupe, naliona likipita mbele ya tundu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kabla mkono wangu haujakumbuka kuna kitufe chekundu. Hakuna aliyeongea. Yule kijana aliyevaa hanesi alikaa tena chini juu ya ile ndoo.

Kumbe wakati kiwanda kilifungwa Disemba paneli ilikarabatiwa, waya wa ile mota ukahamishwa kwa brekea 17, na kibandiko cha zamani kikabaki pale pale kwa 14. Aliyejaza pamiti hakudanganya, alisoma kibandiko. Aliyeweka kufuli hakuzembea, aliweka pale alipoambiwa. Kila mtu alifanya sehemu yake na wale vijana walikuwa wamebakisha dakika kama tano waingie ndani ya mashine iliyo hai. Mzee hakunisema hata neno. Alitoa maski tepu mfukoni, akaandika 17 kwa maka, akabandika juu ya kile kibandiko cha uongo, akahamisha kufuli, tukarudi, akaniambia tena, bonyeza. Kimya. Bonyeza tena. Kimya. Alafu akabonyeza mwenyewe kile chekundu, akanieleza ni kwa nini, manake ukiacha mashine kwa hali ya kuwaka, siku kufuli ikitolewa inaweza kuanza yenyewe na mtu bado yuko na mkono ndani.

Tangu hiyo siku sijawahi kusaini pamiti ya mashine bila kubonyeza mwenyewe. Sisemi kuagiza mtu abonyeze, nasema mimi.

Na stima si ndo hatari pekee, hapo watu wengi hukosea sana. Unaweza kuzima stima kabisa na mashine bado ina nguvu ndani: hewa ya kompresa iliyobaki kwa silinda, springi iliyokazwa, mvuke uliobaki kwa bomba, kapasita zenye chaji, hata uzito tu wa kitu kilichoinuliwa juu na hakijawekewa kitu cha kukishikilia. Prensi, ile mashine ya kukandamiza, inaweza kushuka na stima imekatwa tangu asubuhi. Kwa hivo ukizima na kufunga, unatoa pia ile nguvu iliyobaki, unafungulia hewa itoke, unashusha kilicho juu mpaka chini au unakiwekea nguzo, alafu ndo unajaribu. Na kufuli ni ya mtu, si ya kampuni. Kila mtu anayeingiza mkono ana kufuli yake na ufunguo mmoja uko mfukoni mwake, wakiwa sita ni kufuli sita, na akienda nyumbani ameisahau hapo sio kutafuta bolti kata, ni kumpigia simu kwanza ujue yuko wapi. Nasisitiza hili manake nimeona kufuli za hadwea zinanunuliwa kwa dazeni na ufunguo wa moja unafungua zote. Hizo ni za kufungia mlango wa stoo.

Sasa tangi lenyewe, hata mashine ikiwa imekufa kabisa, hewa yake ni kitu kingine. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 huingii, ikipanda juu ya 23.5 pia huingii kwa sababu nguo yako inaweza kushika moto kwa cheche ndogo. Na oksijeni haihitaji mtu kuiiba, tangi la chuma lililofungwa muda mrefu linapata kutu na hiyo kutu ndo inakula oksijeni, unafungua ukiona liko safi, limekauka, halina harufu yoyote, na ndani hakuna hewa ya kumweka mtu hai. Alafu kuna ile gesi ya shimo la maji taka na mashimo ya mafuta machafu, inanuka kama yai bovu, watu hudhani wakiacha kuisikia imeisha. Haijaisha. Ikizidi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia na hapo ndo iko nyingi zaidi. Hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na methani ni nyepesi inakaa juu, kwa hivo mita ya kupima gesi inashushwa kwa kamba, unapima juu, unapima katikati, unapima chini, na unangoja isome, si kuichovya na kuitoa kama unapima oili ya gari. Na mita unaijaribu asubuhi kwa gesi ya kujaribia kama inaamka. Mita iliyokufa inasoma sifuri, na sifuri inafurahisha kila mtu.

Kitu kinachoniuma zaidi kwa kazi za mashimo ni wanaokufa wakiokoa. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwa sehemu zilizofungika ni wale walioingia kuokoa. Si yule wa kwanza. Ni ndugu yake, rafiki yake, foromani wake. Na ukiwa mtu wa hapa unaelewa kabisa, mwenzako ameanguka chini unamwona, wewe utasimama tu hapo? Damu inakusukuma uruke. Ndo maana pamiti ya tangi lazima iwe na mtu wa mlangoni ambaye kazi yake ni moja, kukaa mlangoni, kuongea na walio ndani, kuvuta kamba, kupiga kelele, na haingii hata iweje. Mimi huwa nachukua muda mrefu na huyo mtu kuliko welda mwenyewe. Namwuliza, huyu akianguka sasa hivi utafanya nini? Akiniambia "nitaingia nimtoe" namshukuru kwa roho yake nzuri na natafuta mtu mwingine wa kusimama hapo.

Kuchomelea nitapita haraka kidogo, ingawa ndo pamiti nyingi zaidi ninazotoa. Cheche za grainda zinaruka mbali kuliko watu wanavyodhani, kipimo kinachotumika ni mita 11 kila upande kuwe hakuna kitu cha kushika moto, na kisichoweza kuondolewa kifunikwe. Hapo watu huona maboksi na hawaoni mtaro. Sisi tuko karibu sana na mtaa wa Sinai, ambako tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yaliyovuja yaliingia mtaroni yakashika moto na watu zaidi ya 100 wakafa, na mimi kila nikiona welda anafungua mashine yake karibu na mfuniko wa mtaro nafikiria hiyo asubuhi. Mvuke wa mafuta hauonekani na unatambaa. Mfuniko unafunikwa na blanketi la moto na mtaro unapimwa, hata kama "hapa hatujawahi kuwa na mafuta", manake mtaro unaleta za jirani. Na drumu. Drumu tupu la thinna au la petroli halikatwi kwa moto, hata lioshwe mara ngapi mpaka lionekane safi kwa macho, hilo drumu "tupu" lina mvuke na mvuke ndo unalipuka. Alafu mlinzi wa moto, yule wa kusimama na mtungi wa kuzima, anabaki baada ya kazi kuisha. Zamani ilikuwa nusu saa, siku hizi tunaweka saa nzima. Ni hapo ndo mtu huitwa chai.

Niseme kidogo juu ya Piper Alpha, kwa sababu kila ninayemfundisha namweleza na sijawahi kuchoka kuieleza. Ilikuwa jukwaa la kuchimba mafuta na gesi kwa Bahari ya Kaskazini, upande wa Skotilandi. Tarehe 6 Julai 1988 kulikuwa na pampu mbili, A na B. Pampu A ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, ina pamiti yake. Alafu valvu ya usalama ya hiyo hiyo pampu ilikuwa imefunguliwa ikaenda kupimwa, na hiyo ilikuwa na pamiti nyingine tofauti. Jioni valvu haikuwa imerudishwa, mahali pake pakawekwa tu sahani ya chuma ya kuziba, haijakazwa kwa presha. Fundi aliyesimamia hiyo kazi akaenda kurudisha pamiti yake mwisho wa shifti, akakuta mwenye zamu yuko bize, akaisaini akaiacha hapo. Hawakuongea. Shifti ya usiku ikaingia. Karibu saa nne kasorobo usiku pampu B ikazima ikakataa kuwaka, na bila pampu umeme wa jukwaa zima ulikuwa unaenda. Wakatafuta makaratasi ya A, wakapata pamiti ya matengenezo, wakaona kazi yenyewe haijaanza kwa hivo pampu inaweza kurudishwa. Ile ya valvu hawakuiona, ilikuwa imewekwa kwingine, zilikuwa zinapangwa kulingana na mahali. Wakawasha A. Gesi ikatoka pale penye sahani. Saa nne usiku mlipuko. Watu 167 wakafa, 61 wakaokoka. Jaji Cullen alichunguza akatoa ripoti mwaka 1990 na mapendekezo 106, na namna ya kusimamia pamiti iko ndani yake.

Kulikuwa na mambo mengi yaliyoharibika usiku huo, pampu za maji ya kuzima moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, majukwaa ya jirani yaliendelea kusukuma gesi na mafuta. Lakini mimi hurudi kila mara kwa yule fundi na karatasi yake mbele ya mtu aliye bize. Dakika mbili za kuongea. "Bosi, valvu ya A haiko." Maneno matano.

Kwa hivo kwetu pamiti zote zilizo hai ziko kwa ubao mmoja mkubwa kwa chumba cha kontrolo, zile zilizosimamishwa ziko kwa ubao huo huo kwa rangi nyingine, na kila mashine iko na mstari wake, si kila aina ya kazi. Pamiti mbili za mashine moja, kila moja inaandikwa namba ya mwenzake. Shifti ikibadilishana, anayetoka na anayeingia wanasimama mbele ya huo ubao wanausoma pamoja kwa sauti. Mwanzoni walikuwa wanaona aibu, watu wazima kusomeana kwa sauti kama darasani. Sasa wamezoea.

Lakini kuna jambo ambalo mafunzo mengi hayaligusi na kwetu Nairobi ndo kubwa kuliko yote. Kibarua analipwa kwa siku. Asubuhi amesimama getini tangu saa kumi na moja, amechaguliwa kati ya wengi, jioni anatarajia pesa ya unga na ya nauli. Sasa mimi saa nne naenda naona ngazi haijafungwa au hewa ya tangi imeshuka nasimamisha kazi, nachukua pamiti naweka mfukoni. Ni nani nimemwumiza? Si kontrakta, yeye mkataba wake uko. Nimemwumiza yule kibarua, manake ataambiwa arudi nyumbani na atapewa nusu siku au asipewe kitu. Na yeye ni mwerevu, anajua. Kwa hivo siku nyingine akiona kitu kibaya atanyamaza, ataingia, ataomba Mungu. Sheria yetu inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aripoti kwa msimamizi wake na asirudishwe hapo mpaka irekebishwe, ni kifungu cha 14, nimekibandika getini kwa Kiswahili. Lakini karatasi ya getini hailishi mtoto.

Hili nililipigania kwa menejimenti karibu mwaka mzima. Nilitaka iandikwe kwa mkataba wa kila kontrakta kwamba kazi ikisimamishwa kwa sababu ya usalama kila kibarua aliyeingia getini siku hiyo analipwa siku nzima, na pesa hiyo iko kwa bei ya kazi tangu mwanzo, si ya kuombwa. Mara ya kwanza nikaambiwa watu wataanza kusimamisha kazi ovyo ili walipwe bure. Haikuwa hivo. Kilichotokea ni kwamba walianza kuja kuniambia. Wiki ya tatu baada ya huo mkataba kuanza kijana mmoja wa kubeba mabati alikuja mpaka ofisini, amevua helmeti ameishika mkononi kama amekuja kwa chifu, akaniambia, "Madam, yale mabati ya mwanga huko juu ukikanyaga yanalia." Yale ya plastiki ya kuingiza mwanga, yamekaa juani miaka mingi yamekauka, ukiyaona kwa juu yamepakwa vumbi huwezi kuyatofautisha na bati, mtu anapita moja kwa moja mpaka chini kwa sakafu. Tulipanda tukayahesabu. Yalikuwa 22 na kwa pamiti ya siku hiyo hakuna hata moja limetajwa.

Lugha nayo. Vitabu vya pamiti vyetu vimechapishwa kwa Kizungu, Kizungu kigumu tena, na welda mzuri sana wa kutoka Kariobangi ambaye mkono wake nauamini kuliko wa injinia wengi hawezi kusoma nusu ya hivo visanduku, anasaini tu. Sahihi ya mtu ambaye hajasoma siihesabu kama sahihi. Kwa hivo tunasimama pale kazi iko namsomea kwa Kiswahili, alafu namwomba anirudishie: utaingilia wapi, utatokea wapi, nini kimezimwa, ufunguo uko kwa nani, ukisikia king'ora utaenda wapi. Inachukua dakika kumi, kumi na tano. Mameneja hulalamika juu ya hizo dakika kumi na tano. Mimi huzipenda, manake hapo ndo fundi hukuambia vitu ambavyo huwezi kuvijua, kwamba ile ngazi ina mguu mmoja mfupi, kwamba juzi alisikia harufu fulani, kwamba yule kijana mpya ana kizunguzungu hajala tangu jana.

Sasa nirudi kwa supavaisa wa Jumatatu. Nilimwambia, tuachane na hiki kitabu kidogo, twende tuone. Akaja, anaangalia saa, watu wake kumi wanangoja. Tukasimama chini ya paa pale wangeanzia. Nikamwonyesha ubao wa wiki ambao nilikuwa nimeutoa kwa chumba cha kontrolo nikauandika kwa karatasi: Jumanne, sehemu ile ile, chini kabisa ya vyuma vyake, kontrakta mwingine anapaka sakafu rangi na thinna. Ndoo kumi na mbili. Yeye juu anachomelea, cheche zinashuka. Pamiti yake ya Jumanne ilikuwa na tiki pale panaposema hakuna kitu cha kushika moto chini, na ilikuwa tiki ya ukweli kabisa, ukiangalia Jumatatu asubuhi.

Alinyamaza kidogo. Alafu akauliza, "Hao wa rangi wanajua mimi niko hapa?" Hawakuwa wanajua, hakuna aliyewaambia. Tukawapigia simu hapo hapo tukawahamisha mpaka wiki inayofuata. Akachana pamiti nne akanipa vipande, tukaandika moja ya Jumatatu, tukapanda, tukaisaini tukiwa juu kwa jukwaa.

Jumanne alikuwa mlangoni kwangu saa moja kasorobo na kitabu hakijaandikwa kitu. Jumatano vile vile. Ijumaa saa kumi jioni wakamaliza, watu wakalipwa wakaondoka, mlinzi wa moto akabaki saa yake, na saa kumi na moja yule supavaisa mwenyewe akanifuata, "Madam, twende tufunge." Tukapanda wote wawili tukazunguka. Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya bunda la mabati ya zamani, tukapata grainda imelazwa, imechomekwa kwa ekstensheni na swichi ya ukutani imewashwa. Akainama akaichomoa, akakunja waya, akaiweka kwa begi. Ndo tukasaini.